UZI: Nafufua jahazi dogo alilochonga babu, limekaa darini miaka kibao. Wajuzi wa vyombo vya baharini njooni mnisaidie

Fundi Simu Chikongola (mleta uzi)

Wadau habari za jioni. Mimi niko Mtwara mjini, kazi yangu ufundi simu, bahari naiona nikienda Feri kununua samaki basi, kwa hiyo nikiuliza ya kijinga mnivumilie.

Iko hivi. Babu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi Mikindani na katika maisha yake alitengeneza jahazi moja dogo la kuweka ndani, sio la watoto kuchezea, ni jahazi kamili ila dogo, nimelipima sentimita 92 toka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma). Babu alipofariki likaenda kwa mjomba, likakaa juu ya kabati, watoto wakalishusha wakalivunjavunja, likapandishwa darini na huko limekaa miaka ambayo hata mjomba mwenyewe haikumbuki. Sasa mjomba anahamia Masasi, kalishusha kaniletea, kasema wewe mpwa wangu una mikono ya subira unashika vitu vidogo vidogo kutwa nzima, litengeneze hili, lipake bluu na nyeupe ling'ae tuliweke sebuleni. Nyumbani wanasema lina miaka mia na zaidi.

Hali yake sasa. Vumbi na mavi ya mijusi usiseme. Tanga limeoza kimebaki kipande kama leso. Kamba zote zimekatika zimefungamana kama tambi. Mlingoti umeinamia mbele. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga (jina lenyewe nimelijua jana), imekatika katikati. Ubavu wa kushoto una vitundu vya wadudu na ukiligonga kidogo linadondosha unga. Na chini kote kumeganda kitu cheupe kigumu kama plasta, nadhani kuna mtu alilimwagia chokaa.

Mpango wangu: nakwangua hiyo plasta, napiga msasa lote, mlingoti nausimamisha kwa kabari, foromali naiunga kwa waya wa chuma na supa gluu, tanga nashonesha jipya, halafu rangi. Jumamosi na Jumapili naona limeisha. Mnasemaje?

Pweza Mkavu

Siti ya mbele nimewahi. Uzi bila picha ni tetesi mkuu.

Msangamkuu Kwetu

Jumamosi na Jumapili 😂😂 haya bwana, tupo.

nahodha_mstaafu

Kijana weka msasa chini kwanza.

Mimi nimetembea na majahazi Lindi, Kilwa, Mafia, Unguja, nimeanza nikiwa wa kufua maji kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, mpaka nikashika usukani. Enzi hizo daraja la Mkapa bado, lile lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo mvua ikinyesha barabara ya kusini inakufa pale Rufiji na mzigo wa watu unaitegemea bahari. Nakujibu moja moja.

Hiyo plasta sio plasta, ni deheni. Chokaa inakandwa na shahamu, chombo kikipandishwa pwani maji yakitoka kinapakwa sehemu yote inayokaa chini ya maji, bungua wasiingie kula mbao. Sasa babu yako kapaka deheni ya kweli kwenye jahazi la kuweka kabatini ambalo halitaonja maji hata siku moja. Mtu wa hivyo kazi yake unaikwangua?

Mlingoti kuinamia mbele ndio mlingoti wa jahazi ulivyo. Ukiusimamisha wima umetengeneza mti wa bendera wa shule.

Foromali sidhani kama imekatika. Chombo kikubwa mti mmoja wa urefu ule unaupata wapi, foromali huungwa miti miwili hata mitatu, ncha zinapishana na kufungwa kwa kamba. Nenda kaangalie hizo ncha, kama zimechongwa bapa basi kilichooza ni kamba tu.

Fundi Simu Chikongola

Shikamoo mzee wangu. Nimetoka kuangalia sasa hivi kwa lenzi ya kazini. Ncha zote mbili zimechongwa bapa safi kabisa, ukizilaza zinakaa moja juu ya nyingine kama viganja vya mtu anayepiga makofi, na kwenye mti kuna alama za kamba zilipokuwa zimebana, nimehesabu mizunguko kumi na moja. Na mimi nilikuwa nshanunua waya.

Shida ni moja. Deheni nilishaanza kuikwangua juzi usiku kabla sijaleta uzi. Kwa bisibisi bapa. Upande wa tezi karibu na usukani, upana kama wa vidole vinne. Hapa nilipo hata chai haipiti.

nahodha_mstaafu

Marahaba. Yaliyopita si ndwele. Ule unga umeutupa?

Fundi Simu Chikongola

Bado uko kwenye kizoleo.

nahodha_mstaafu

Utie kwenye kichupa. Usitupe kitu chochote kilichotoka kwenye hilo jahazi, hata mavi ya mjusi.

Pweza Mkavu

Mavi ya mjusi yatunzwe 😂 kusini mna mambo. Ndio maana wajerumani walikuja kubeba mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dainosaria) Tendaguru mwaka 1909 mpaka 1913 wakaipakilia Lindi kwenda Berlin, nyie mlikuwa mmeshiba mijusi.

Mwera Halisi

@Pweza Mkavu ule mjusi wetu usiuguse, ule ni kesi nyingine ina uzi wake.

Mleta uzi ushauri wangu mimi tofauti na wa mzee. Chukua mafuta ya ganda la korosho paka lote, hakuna mdudu atakayesogea mpaka wajukuu zako wazeeke. Halafu peleka pale Mikindani kwa watalii, waambie la tangu enzi za Livingstone alipopita pale 1866. Msimu wa korosho bado mbali, hela hiyo usiichezee.

Fundi Simu Chikongola

Mkuu mafuta ya ganda la korosho nayajua, nikiwa mdogo yaliniunguza mdomo na vidole ngozi ikatoka yote, yanababua yale. Sitaki wageni wakishika jahazi waondoke na malengelenge. Kuuza hapana, la ukoo hili.

mhifadhi_mdogo

Salama wadau. Nilisomea mambo ya kuhifadhi vitu vya kale na nilifanya mazoezi kwenye jumba moja la makumbusho hapo Dar, kwa hiyo nachangia kidogo.

Kaka, kitu cha kwanza sio gundi wala rangi, ni hao wadudu. Usichanganye na bungua wa baharini anaowekewa deheni, huyo ni jamii ya kombe, anaishi kwenye maji ya chumvi. Anayekula jahazi lako nchi kavu ni kiluwiluwi wa mbawakawa, anakaa ndani ya mbao anatafuna taratibu, vitundu unavyoviona ni milango aliyotokea akishakua. Inawezekana walishaondoka zamani. Lisafishe unga wote kwa brashi laini, liweke juu ya karatasi nyeusi, usiliguse wiki nzima. Ukikuta unga mpya mweupe kama sembe, bado wamo.

Wakiwemo usipige dawa ya mbu wala mafuta ya taa, inaingia kwenye mbao na kwenye deheni haitoki. Ligandishe. Lifunge kwenye nailoni, toa hewa, bana kwa utepe wa gundi pasibaki upenyo, weka kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, wiki mbili. Liingie likiwa tayari friza limeshika baridi kali, maana wadudu wengine ukiwapoza polepole wanajizoesha wanaishi. Ukilitoa usifungue nailoni mpaka siku inayofuata, vinginevyo joto la Mtwara likikutana na mbao ya baridi linatoka jasho lote.

Na msasa usipige. Rangi za zamani nyingine zina risasi ndani, vumbi lake ni sumu. Supa gluu nayo weka mbali, inaacha ukungu mweupe, inakakamaa halafu inavunjika, na ukishaiweka hutoi.

Kibibi wa Shangani

Jahazi kwenye friza la samaki. Nimekaa pale.

Fundi Simu Chikongola

MREJESHO wa wiki. Karatasi nyeusi nimeweka, siku ya nne nikakuta vichuguu vidogo viwili vya unga chini ya ubavu wa kushoto. Wamo.

Sasa friza. Shangazi yangu anauza samaki ana lile friza la kulala, nimeenda kumuomba, kwanza kanishika paji la uso aone kama nina homa. Nikamweleza. Akasema kwa hiyo unataka kulaza mti wa baba yangu pamoja na samaki wangu, changu na vibua? (Ni baba yake wa kufikia, hadithi ndefu.) Mwisho kakubali kwa sharti kwamba nimsaidie kupanga samaki upande mmoja na mimi ninunue luku ya mwezi. Mlingoti unachomoka tu, ulikuwa umekaa kwenye tundu lake bila gundi, kwa hiyo likaingia vizuri likabaki nafasi ya ngisi.

Siku ya tano umeme ukakatika, ukakata kutwa mpaka usiku wa manane. Samaki wakaanza kulainika, shangazi akawauza kwa hasara, mimi nikaanza kuhesabu upya toka siku ya kwanza. Nimemlipia samaki wake nusu, hapo ndipo lile neno la Jumamosi na Jumapili lilipoisha rasmi.

Msangamkuu Kwetu

Nilikwambia.

Pweza Mkavu

Shangazi apewe hisa kwenye hilo jahazi.

Fundi Simu Chikongola

Limetoka. Wiki mbili kamili za baridi bila kukatika. Limekaa kwenye karatasi siku kumi, hakuna unga. Alhamdulillah. Naingia kwenye kusafisha. Mhifadhi, hapa nafanyaje, maji na sabuni?

mhifadhi_mdogo

Hapana kaka. Usicheke, ninachokwambia kinafanyika makumbusho kubwa duniani: mate. Chukua zile pamba za masikio, ilowanishe mdomoni, zungusha taratibu sehemu ndogo, tupa, chukua nyingine, usirudishe mdomoni iliyochafuka. Mate yana vimeng'enya vinavyolainisha uchafu na hayalowanishi mbao kama maji. Jaribu kwanza pasipoonekana. Kwenye deheni usipitishe unyevu wowote, hapo ni brashi kavu tu.

Kibibi wa Shangani

Hili jahazi mpaka liishe mtakuwa mmelila.

Fundi Simu Chikongola

Nimemaliza boksi mbili za pamba, siku sita, kila nikifunga duka naanza. Jamani. Chini ya ule uchafu kuna mambo. Kwanza mbao zake hazikuchongwa kwenye gogo moja kama nilivyodhani, ni mbao mojamoja nyembamba zimepigwa kwenye mataruma (mbavu za chombo), na kila msumari umetobolewa njia kwanza, huoni mbao iliyopasuka hata sehemu moja. Katikati ya mbao na mbao kuna nyuzi za pamba zimesukumwa humo. Mzee nahodha ile ni kalafati?

nahodha_mstaafu

Ndiyo yenyewe. Pamba inalowekwa mafuta inapigwa kwenye maungio. Na nikwambie kitu kimoja ukaangalie, mafundi wetu wa pwani walikuwa wanaanza na mbao, ganda la chombo linapanda kwanza kwa jicho la fundi, mataruma yanachongwa kufuata ubavu ulivyojipinda. Chungulia ndani utaona kila taruma limechongwa kivyake, hakuna mawili yanayofanana.

Fundi Simu Chikongola

Nimechungulia kwa kile kikamera cha waya ninachotumia kwenye simu. Kweli kabisa mzee, kila taruma na shepu yake.

Sasa kali ya leo ni hii. Juu kabisa ya mlingoti kuna mfereji, ndani yake kuna kigurudumu ambacho henza (kamba ya kupandishia foromali) inapita, nilidhani ni bati. Nimesafisha kwa kijiti cha mwanzi taratibu nikaona maandishi. Wadau ni SENTI. Senti moja ya Afrika Mashariki, ile ya shaba yenye tundu katikati. Babu kapitisha msumari kwenye tundu akaifanya kapi! Mwaka umeandikwa 1955.

Pweza Mkavu

Ile miaka mia na zaidi imekufa kifo cha kawaida.

Mwera Halisi

Livingstone naye kashushwa jahazini 😂 ila usikate tamaa, kapi linaisha linabadilishwa, jahazi linaweza kuwa la zamani senti ikawekwa baadaye.

Fundi Simu Chikongola

Nililiwaza hilo. Lakini mfereji umechimbwa upana na kina cha ile senti kamili, hakuna alama ya kingine kilichowahi kukaa humo, na kutu ya kijani ya shaba imeingia kwenye mbao kwa duara lilelile. Nikampigia mama. Mama kazaliwa 1957. Kasema anakumbuka akiwa mdogo, babu akirudi jioni anakaa barazani na hilo jahazi mapajani, yeye anatumwa kuokota vipande vya mbao vinavyodondoka, na nyumba nzima inanuka sifa. Sifa mnayoijua? Yale mafuta ya ini la papa ya kupaka mbao. Mama anasema mpaka leo akipita penye papa anamkumbuka baba yake, basi akaanza kulia kwenye simu na vocha yangu ikaisha hapohapo.

Kwa hiyo liko kwenye miaka ya mwisho ya hamsini mpaka ya sitini mwanzo. Kwangu inatosha.

bintiKivinje

Nimesoma uzi wote toka juu leo, kazi sijafanya. Mimi niko Kilwa Kivinje, baba yangu alikuwa anashona matanga na mimi nimeshona naye. Hicho kipande cha tanga kilichobaki umekiangalia vizuri? Niambie mishono inaelekea wapi na ukingo umekunjwaje.

Fundi Simu Chikongola

Dada nimekiangalia. Ni vipande virefu vyembamba kama upana wa vidole viwili, vimeshonwa pembeni kwa pembeni, na vinakwenda sambamba na ukingo wa nyuma. Ukingoni kuna uzi mnene umezungushiwa kitambaa. Rangi kama ya chai ya maziwa.

bintiKivinje

Safi, hiyo ni marekani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na huo uzi mnene ni kamba ya ukingo, bila hiyo tanga linachanika. Usiende kununua satini kama wale wa zawadi za watalii. Nunua marekani nyepesi kabisa utakayopata sokoni, ifue mara tatu nne mpaka wanga wote utoke ilainike, kata vipande kwa upana uleule, shona kwa mkono. Na usilikate pembetatu kama la ngalawa. La jahazi pale mbele kwenye joshi limekatwa kidogo, lina ukingo mfupi, kwa hiyo pembe ni nne.

Baba alikuwa anasema tanga likishonwa bapa kama shuka halishiki upepo, linapigapiga tu. Kila kipande ukikishona unakiingiza kidogo kwa ndani pale katikati ili tanga lipate tumbo. Kwenye dogo kama hilo hautoona sana lakini mtu aliyeshona ataona.

Kibibi wa Shangani

Ukishalishona lichemshe kwenye majani ya chai, linakuwa la zamani hapohapo.

mhifadhi_mdogo

Bibi samahani, chai ina asidi, baada ya miaka kitambaa kinakatika chenyewe. Marekani ambayo haijapaushwa ina unjano wake wa asili, inatosha. Na kaka kile kipande cha zamani usikishonee ndani ya jipya, kikunje kwenye karatasi nyeupe ukiweke pamoja na kichupa cha deheni.

Fundi Simu Chikongola

Sawa. Tanga nimeshona mwenyewe, nimerudia mara tatu. Ya kwanza ilikuwa kama foronya ya mto wa kulalia. Ya tatu angalau. Kamba nazo nimesokota mwenyewe, nyuzi za pamba, nasokota pajani kama nilivyomuona bibi akisokota za kusukia mikeka, halafu nazipitisha kwenye nta ya nyuki niliyoletewa na jamaa toka Liwale, zinalala vizuri hazitoi manyoya. Paja halina vinyweleo tena upande mmoja.

Vitundu vya wadudu nimevifanyaje. Mhifadhi alinielekeza dawa moja inaitwa Paraloid B-72 inayeyushwa kwenye asetoni, inaimarisha mbao na baadaye ukitaka unaweza kuiyeyusha tena ukaitoa. Asetoni ipo, wanauza kwenye maduka ya vipodozi ya kutolea rangi za kucha. Paraloid yenyewe Mtwara hakuna, akanitumia kidogo kwa basi kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi (Mungu akubariki ndugu). Nimeingiza kwa bomba la sindano tundu kwa tundu, ubavu mzima jioni nne. Tundu sijaziba juu, zimebaki zinaonekana.

Nanga ni ya risasi, naona babu aliyeyusha chubwi za nyavu (vile vizito vya kuzamishia). Ilikuwa imetoka unga mweupe. Nimeambiwa nisipulize wala nisiifute kwa kidole, nimevaa glovu nikaifuta kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kitambaa nikatupa. Inaonekana mvuke wa mbao kwenye kitu kilichofungwa bila hewa ndio unaila risasi hivyo, kwa hiyo kabati la kioo nitakalotengeneza litakuwa na upenyo, na sitaweka mbao mbichi ndani.

Kilichobaki ni kufunga kamba. Na hapo sijui kitu. Nina henza, demani (kamba ya kuvutia tanga nyuma) na joshi (ya kulishika mbele), na nina matundu kumi na saba kwenye chombo ambayo sijui kila moja ni la nini.

nahodha_mstaafu

Hilo kwa kuandika hutaelewa. Nenda Mikindani, hapo kwenu, uliza wazee wanaokaa pwani pale mashua zinapolala, mwambie yeyote mwenye mikono yenye magamba. Litembeze na jahazi.

Fundi Simu Chikongola

MREJESHO WA MIKINDANI. Huu mrefu, asiyetaka aruke.

Jumapili nimekodi bajaji, jahazi nimelipakata kama mtoto mchanga, dereva kila tuta anapunguza mwendo ananiangalia kwenye kioo. Tumepita ile Boma ya wajerumani tukashuka mpaka pwani. Maji yametoka, kuna mashua tatu zimelala ubavu. Chini ya mwembe kuna mzee mmoja anashona nyavu, nikamwamkia, nikaweka jahazi kwenye mkeka.

Hakusema kitu muda mrefu. Akalizungusha. Akapitisha kidole kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo), akafika pale nilipokwangua kwa bisibisi akasimama. Akaniuliza nani kafanya hivi. Nikasema mimi. Akasema mhm.

Halafu akataka kamba. Wallahi wadau yule mzee haoni vizuri, amefunga karibu yote kwa kupapasa. Anaweka kidole kwenye ukingo wa chombo, anatafuta pale mbao ilipolika kidogo, anasema hapa palifungwa demani, fundi alikuwa analichezesha huyu, hakuliweka tu, angalia kamba ilivyokula mbao. Mimi nimesafisha pale kwa pamba siku sita nikaona ni mkwaruzo tu. Henza ikapita juu ya senti, akaivuta, foromali ikapanda, senti IKAZUNGUKA. Nilitaka kupiga kelele. Akashusha akapandisha tena kama mara tano, nafikiri na yeye alipenda.

Nikamuuliza foromali inakaa upande gani wa mlingoti, akanicheka. Inategemea upepo unatoka wapi mwanangu. Chombo kikigeuka, foromali inasimamishwa inapitishwa mbele ya mlingoti inakwenda upande wa pili, na tanga linafuata, hiyo ndiyo kazi inayovunja mabaharia mgongo. Akanionyesha mara moja kwa vidole viwili, ni sekunde chache lakini ukiwaza mti wa urefu wa minazi na upepo wa kusi na usiku, basi.

Mwisho akageuza upande wa tezi akapapasa akaniuliza choo kiko wapi?

Nikadhani sijasikia. Choo cha nini baba? Akasema choo! Jahazi lina choo, kile kisanduku kinachoning'inia nje huku nyuma, watu wanasafiri wiki wakajisaidie wapi? Akanionyesha matundu manne ambayo nilikuwa sijui kazi yake, mawili kwa mawili. Babu yako alikiweka, kimepotea.

Pweza Mkavu

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. TUNATAKA CHOO.

nahodha_mstaafu

Nimejisahau kukwambia choo. Huyo mzee ni baharia.

Fundi Simu Chikongola

Hamtaamini. Nimempigia mjomba Masasi nimemuuliza kama kuna kisanduku kidogo kama kiberiti hakina mfuniko kina tundu chini. Kimya. Nasikia anamuita mkewe. Anarudi anasema kipo, mke wake anaweka vifungo vya mashati na sindano tangu wameoana, kiko kwenye mashine ya cherehani, walidhani ni kibweta. Nimesema mjomba hicho ni choo. Kakata simu kwa kucheka.

Kimekuja kwa basi jana, kimefungwa kwenye gazeti, vifungo viwili bado vimo. Tundu nne na nne, zimekutana zote. Nimekifunga kwa uzi wa nta, sijatumia gundi hata tone.

Msangamkuu Kwetu

Mkuu umetisha. Rangi je? Bluu na nyeupe ya mjomba?

Fundi Simu Chikongola

Rangi hakuna. Kuna mstari mwekundu uliofifia wa babu mwenyewe chini ya ukingo, umebaki. Pale nilipokwangua deheni nimetafakari sana, nilitaka kukanda ule unga na mafuta ya nazi nirudishie, mhifadhi akasema acha, nahodha akasema acha, yule mzee wa Mikindani sikumuuliza maana naijua ile mhm. Kwa hiyo vidole vinne viko vilevile, kichupa kiko chini ya jahazi kwenye kabati la kioo pamoja na kipande cha tanga na karatasi yenye tarehe na kila nilichofanya.

Picha naweka jioni nikipata bando, Pweza tulia. Kabati fundi alumini kalimaliza leo.

bintiKivinje

Hongera sana. Ukipiga picha piga na mishono ya tanga karibu, nataka kuona tumbo.

Mwera Halisi

Na mjomba umemwambiaje kuhusu rangi?

Fundi Simu Chikongola

Kapiga asubuhi kauliza nimeshapaka. Nimemwambia bado inakauka.